Udongo Uliokataa Maji

Mzee niliyeletwa Dubai kumtunza alikuwa mtu wa matope, na hakuna aliyenionya. Wakala wa Nairobi aliniambia tu kwamba ni mzungu mpole, mjane, amestaafu, miguu haina nguvu na kumbukumbu huja na kwenda. Nilipofika kwenye ile fleti ya Jumeirah Village Circle nilitarajia kusikia habari za benki au za jeshi, maana wazee wengi wa majengo yale wana habari za namna hiyo. Huyu, kabla hata sijamaliza kumfunga kamba za viatu, aliniuliza kama kwetu kuna kinamasi.

Nikamwambia kipo. Kiko chini kabisa ya shamba la mama yangu, Nyandarua, kati ya mteremko wetu na wa majirani. Nilimjibu kwa ile sauti ya kumridhisha mwajiri aliyeuliza jambo la kipuuzi. Kumbe jibu hilo ndilo lililoniweka kwake kuliko vyeti vyote nilivyobeba.

Niseme ukweli, mimi sikukipenda kile kinamasi. Nilikua nikikiogopa. Ardhi yake ilitikisika ukiikanyaga, ng'ombe wetu mmoja alizama humo tukaona pembe tu, na asubuhi za Julai ukungu wake ulipanda mpaka jikoni ukaniondolea hamu ya kwenda shule. Mama peke yake ndiye aliyeelewana nacho. Alipanda nduma pembeni, akakata nyasi za kuezekea banda la kuku, lakini katikati hakuingia wala hakumruhusu mtu kuingia. Ukimwuliza kwa nini, alisema kule kuna maji ya watu wote. Sisi watoto tulidhani anatutisha tu tusichafue nguo.

Mzee alitoka Ufini. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye vinamasi vya kaskazini, yeye na wenzake, wakisukuma bomba refu la chuma ardhini na kulivuta juu likiwa limejaa udongo mweusi ili waupime. Madam, binti yake, ambaye ndiye aliyeniajiri, alikuwa ameyasikia hayo tangu utotoni na hakutaka kuyasikia tena. Kwa hiyo nikayasikia mimi. Nikimpikia uji, nikimkata kucha, tukizunguka bustani ya chini jua linapopungua ukali, somo lilikuwa lile lile.

Alinieleza hivi. Zamani sana barafu ilipoyeyuka huko kwao, iliacha mabonde ya maji. Mle ndani yakaota majani madogo laini, hayana mizizi, yanafyonza maji kama sifongo. Majani hayo hula hewa ya ukaa kama mmea mwingine wowote, lakini yakifa hayaozi sawasawa, kwa sababu maji yaliyoyafunika yanaizuia hewa isiyafikie. Juu yake huota mengine, nayo hufa, na juu yake mengine. Kwa mwaka mzima tabaka linaloongezeka halizidi unene wa kadi ya benki. Acha hivyo kwa maelfu ya miaka, utapata udongo unaozidi kimo cha mtu, na ndani yake imefungwa kaboni ya kila majira ya joto yaliyopita tangu barafu iondoke.

"Haifanyi kitu," aliniambia. "Inakaa tu. Ndiyo kazi yake."

Nikamwambia kazi ya namna hiyo hata mimi ningeiomba. Alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akawa ananiita dada, kama alivyowasikia walinzi wa jengo letu wakiniita.

Joto lilipopungua mwaka ule, madam aliamua roshani iwe na maua. Tukaenda wote watatu kwenye bustani za kuuzia miche, nje kidogo ya mji. Maua yalikuwa mbele, na nyuma yake ilirundikwa mifuko mikubwa ya plastiki nyeupe yenye picha ya msitu na ziwa. Ulikuwa ule udongo mwepesi mweusi ambao watunza bustani wote wa Dubai wanauita pitimosi, wanauchanganya na mchanga ili kitu kiweze kuota. Mimi nilikuwa nimeuona mara nyingi kwenye majengo yetu bila kujiuliza unatoka wapi. Mzee alisimamisha kigari chake cha kutembelea, akaweka kiganja juu ya mfuko mmoja na kukiacha pale.

"Sir, hii ni namba moja," muuzaji akamwambia. "Kutoka Ulaya. Safi kabisa."

Kulikuwa na mfuko uliochanika pembeni. Mzee akaingiza vidole, akatoa udongo kidogo, akausugua, kisha akanimiminia kiganjani. Aliniambia nitazame vizuri. Katikati ya ule weusi kulikuwa na jani dogo la rangi ya kahawia, zima, hata ncha yake inaonekana.

"Hili lilikuwa hai kabla Yesu hajazaliwa," alisema. Alijua mimi ni mtu wa kanisa, na nadhani alichagua maneno hayo kwa ajili yangu.

"Papa, khalas, inatosha," madam akasema. "Ni mfuko wa udongo."

Akaununua. Simlaumu, alitaka maua, na watu walikuwa wameanza kukusanyika kumtazama baba yake. Mfuko ulirudi nasi nyumbani kwenye kiti cha nyuma, kati yangu na Mzee, na njia nzima hakuondoa mkono wake juu yake.

Tulipanda petunia. Zilichanua vizuri, nyekundu na nyeupe, madam akapiga picha. Kisha tukamhamishia Mzee Abu Dhabi kwa matibabu ya miguu, na huku nyuma bomba dogo la kumwagilia likaziba. Tuliporudi udongo ulikuwa mkavu kama ugoro. Nikachukua ndoo haraka nikamwaga maji. Yalitiririka juu ya udongo, yakashuka kando ya chungu, yakatokea chini kwenye vigae na kumdondokea jirani wa roshani ya chini, ambaye alikuja kugonga mlango kwa hasira zake zote. Nilipochimbua kwa kidole, chini ya dimbwi lile palikuwa na vumbi.

Mzee alikuwa akitazama kutoka kitini. Alisema udongo huu ukishakauka kabisa hukataa maji, na ukiulowesha kwa nguvu hauwi tena kama ulivyokuwa. Hewa imeshaingia. Unaanza kuoza, na ile kaboni iliyokaa miaka yote inarudi juu kidogo kidogo bila mtu kuiona. Nikamwuliza kama ule mfuko unaweza kuwa umetoka kwao. Akasema hajui, ila kinamasi cha kwanza alichowahi kupima, alipokuwa kijana, kilichimbiwa mitaro kikakauka, na kilipokauka kikakatwakatwa kikatiwa kwenye mifuko kama hii.

Ndipo aliponiambia habari za mkutano. Wenye ardhi walikutana kwenye ukumbi wa kijiji kuamua mitaro ipite wapi. Yeye alialikwa. Hakwenda, kwa sababu siku hiyo alikuwa na safari ya kupima kinamasi kingine mbali zaidi.

"Nilipima vizuri sana," alisema, akizitazama petunia zilizolala.

Nilimhurumia. Nikaenda kumtengenezea chai.

Kwetu, mtu aliyetoka kwenda kutafuta ng'ambo lazima akutwe na kitu kimesimama nyumbani. Iwe nyumba, iwe ng'ombe, iwe miti. Asipokuwa nacho, watu husema alikwenda kutembea. Mimi sikuwa nimejenga chochote, kwani pesa zangu ziliishia kwenye karo na dawa za mama, na jambo hilo lilimuuma kaka yangu mkubwa kuliko lilivyoniuma mimi. Ni mtu mwema. Ndiye aliyebaki nyumbani na mama, na ndiye aliyesikia yanayosemwa sokoni.

Krismasi ile alinipigia kwa video. Jamaa wote walikuwa wamekuja, binamu zetu wa Nairobi wamevaa gambuti, wamechafuka mpaka shingoni, wanacheka. Kaka akaninyooshea simu nione. Kutoka katikati ya kinamasi mpaka mtoni walikuwa wamechimba mtaro, umenyooka kama barabara, maji meusi yanakimbia ndani yake. Na kwenye kipande changu cha urithi, ambacho ndicho kinachoshuka mpaka pale, walikuwa wamepanda mikaratusi kwa mistari. Walifanya hayo kimyakimya ili wanishangaze. Mchungaji alikuwa ameshaombea miche. Mama alisimama kando yake na kitambaa chake cha kanisani, ameshika mche mmoja, anatabasamu kuelekea simu kama alivyoambiwa.

"Ukirudi utakuta msitu wako," kaka akasema. "Ile ardhi tumeikomboa."

Nilimwambia afunge ule mtaro. Nilimwambia kwa ukali, tena mara mbili, mbele ya watu wote. Yeye alidhani mtandao ni mbaya, akainua simu juu zaidi ili nione mistari vizuri.

Jioni kaka akanitumia video ya kazi yote, nikamwonyesha Mzee. Aliniomba niisimamishe pale kamera ilipopita ukingoni mwa mtaro, akasogeza uso. Ukuta wa mtaro ulikuwa mweusi kuanzia juu mpaka majini. Alisema kinamasi chetu ni cha milimani, si ndugu hasa wa vile vya kwao, mimea yake ni mingine, lakini kazi ni ile ile na umri wake ni mkubwa pia. Alisema sasa hivi bado kimelowa na hakuna kilichopotea. Wakiufunga mtaro kabla ya kiangazi kitapona. Kiangazi kikikikuta wazi, basi.

"Nenda," akaniambia.

"Niende wapi, Mzee?"

"Kwenye mkutano."

Madam hakuwa mkatili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema likizo yangu ni baada ya Pasaka, naye ana safari za kazi zisizoahirishika, na baba yake hawezi kuachwa na mtu asiyemjua. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, siku hizo kulikuwa na asubuhi ambazo Mzee alimkubali mtu mmoja tu amguse. Nikabaki. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo nasikia uchungu, ingawa sioni nilichoweza kufanya tofauti.

Mkutano wangu nikaufanya kwa simu, kila Jumapili, familia ikiwa imekaa sebuleni kwa mama. Nilieleza habari za maji na hewa kama nilivyoelezwa. Shemeji yangu akauliza miti iliyoombewa na mchungaji inang'olewaje, na nani atasimama kanisani kueleza. Kaka akasema serikali yenyewe inahimiza watu wapande miti ili kupunguza hiyo hiyo hewa ya ukaa ninayowapigia kelele. Hapo nilikwama. Alisema kweli kwa kila mahali isipokuwa pale tu. Nilipokwama nikasema Mzee amesema, na hilo lilikuwa baya kuliko yote, kwani tangu hapo kila nililosema liliitwa maneno ya mzungu wangu.

"Dada, wewe unakaa jangwani," kaka akaniambia, "halafu unatufundisha habari za maji?"

Watu wakacheka sana. Hata mimi nilicheka. Kisha nikakata simu nikalia chooni, maana fleti ile haina mahali pengine pa mfanyakazi kulilia.

Mama katika mikutano yote hiyo hakusema neno. Mara moja tu aliuliza kama huyo Mzee kwao anafuga. Yeye ndiye angeweza kuumaliza ule ubishi kwa sentensi moja, na baadaye nilimwuliza kwa nini hakufanya hivyo, ilhali alikilinda kinamasi miaka yote. Akasema kaka alikuwa na furaha sana siku ile ya kupanda. Alikuwa hajamwona na furaha ya namna ile tangu baba afe.

Kiangazi kilikuja kikali. Mwezi wa pili jirani wa ng'ambo ya kinamasi alichoma mabua ya mahindi, kama anavyofanya kila mwaka, na moto ukashuka mteremko mpaka ukingoni, ukazimika. Wote waliamini umezimika. Kesho yake moshi ulitoka ardhini, katikati ya mikaratusi, bila mwali wowote. Siku iliyofuata ulitoka mahali pengine. Miche ikaanza kuanguka ikiwa bado ya kijani, mizizi imeliwa kutoka chini. Nduma za mama zikanyauka. Watoto wa shule ya karibu wakawa wanakohoa darasani.

Kaka hakuandika kwenye kundi la familia. Alinipigia mimi peke yangu, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa moshi. Alisema wamebeba maji tangu asubuhi, yeye na mkewe na watu wa kanisa, na hayasaidii kitu.

"Hayaingii," alisema. "Unamwaga, yanapita juu. Ardhi inayakataa."

Nilikuwa nimesimama pale pale roshanini. Ningeweza kumwambia nilisema. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, tena yalikuwa matamu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa shida nikayameza.

"Mwulize mzee wako tufanye nini," akasema.

Mzee alikuwa na siku nzuri. Alisema waache ndoo. Maji ya juu hayatafika. Waufunge mtaro ili maji yapande yenyewe kutoka chini na kuufikia moto ulipo. Kaka aliufunga kwa magogo, kwa magunia ya udongo, kwa matita ya ile miche ya mikaratusi yenyewe, na iliyobaki bado imesimama aliing'oa kwa mikono yake. Mchungaji alikuja na gambuti akashuka mtaroni naye. Hakuna aliyedai maelezo kanisani. Ile aibu tuliyoibishania Jumapili zote zile haikuja kabisa, na ningekuwepo nyumbani pale Krismasi, nimesimama karibu na kaka, nimemshika mkono badala ya kumfokea mbele ya binamu zake, nadhani angenielewa mapema. Ndilo ninalolijutia.

Mimi siku yangu ya mapumziko nilikwenda soko la Naif kutafuta pampu ya maji ya kuwatumia. Mama mmoja wa Kizanzibari anayesafirisha bidhaa Mombasa aliniuliza ni ya kazi gani. Nikamweleza. Akaacha alichokuwa akikifunga, akanitazama.

"Moto chini ya ardhi, mwanangu? Makubwa haya. Pole sana."

Pampu ilifika baada ya mvua. Mvua ndizo zilizomalizia kazi, zikinyesha juu ya mtaro uliofungwa mpaka moshi wa mwisho ukakoma. Kaka alitembea mle ndani akanionyesha kwa simu. Sehemu kubwa ya kinamasi ilikuwa imeshuka chini, imekuwa shimo lenye majivu ya rangi ya matofali na madimbwi. Kingo tu ndizo zilizobaki.

Siku chache kabla ya likizo yangu mama aliomba kuongea na Mzee. Hajawahi kuomba kuongea na mwajiri wa mtu. Nikaweka simu mezani, nikaiegemeza kwenye glasi, Mzee nikamvalisha miwani. Kaka alikuwa amemshikia mama simu, wamesimama mle shimoni. Mama akamsalimia kwa lugha yetu, akamshukuru, akamuuliza habari za miguu. Kisha akaniambia nimwulize kinamasi kitarudi lini.

Nikatafsiri. Mzee akauliza kimeungua kwa kina gani. Mama akaweka mkono kiunoni kumwonyesha.

Midomo ya Mzee ilianza kucheza. Nilijua anapiga hesabu, nami nilikuwa nimeshapiga ya kwangu, kadi moja kwa kila mwaka mpaka kiunoni. Huyu mtu maisha yake yote alikuwa akiulizwa maswali kama hili na kujibu kwa tarakimu, na niliisubiri tarakimu hiyo kwa hofu, nikiwaza nitaitafsirije. Akavua miwani.

"Mwambie kimeanza," akasema.

Nikamwambia mama hivyo. Mama si mtu wa kutulizwa kwa jibu la adabu. Baba amezikwa pale chini, hatua chache kutoka kwenye nduma, na nafasi iliyo kando yake ameitunza mwenyewe miaka yote, anaipalilia, sote tunajua ni ya nani.

"Basi siku yangu ikifika mnizike juu, karibu na barabara," akasema. "Huku chini msichimbe tena."

"Sawa, Mama," kaka akajibu.

Mzee akanigusa mkono wa blauzi, akaniuliza mama amesema nini. Nikamwambia anashukuru.